Uzi Uliozunguka Kushoto

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo kuliko punje ya unga. Uzi ulizunguka kushoto.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kila siku, cha tatu kutoka mlangoni, nikiangalia skrini. Kulikuwa na kimelea kimoja kilichotoka kwenye mashavu ya samaki aitwaye ningu. Vimelea vya kundi hili havionekani kwa macho matupu. Ukivikuza mara elfu moja, kila kimoja kinafanana na mbegu ya tikiti, upande mmoja bapa, upande wa pili umetuna kidogo. Ndani yake kuna uzi uliojikunja, duru nje ya duru, kama chini ya kikapu pale unapoanza kukisuka. Kimelea kikimpata samaki, uzi huo hufyatuka, huchoma nyama laini ya shavu na kushika hapo.

Nilikuwa nimeangalia nyuzi hizo kwa miaka miwili pale Kituo cha Lwenge, na zote zilizunguka kulia. Hakuna aliyenifundisha kutazama hilo. Ninasuka vikapu tangu nina miaka sita, na jicho langu hufuata mzunguko lenyewe, hata nisipotaka.

"Bugumba," nilisema kwa sauti ya chini. "Hebu ona huu uzi."

Bugumba alikaa kiti cha pili. Alikuwa na cheti cha chuo na alikitundika ukutani juu ya kichwa chake, kama watu wanavyotundika picha ya harusi.

"Nione nini? Mtambuzi ameshasema. Aina ya themanini na nane."

"Unakwenda kushoto."

Akainama, akatazama, akarudi kwenye chai yake. "Na shingo yako nayo imekwenda kushoto. Hujalala vizuri, dada."

Nilinyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote. Lakini Daktari Kokugonza alikuwa amesimama mlangoni na kalamu yake sikioni, na alikuwa amesikia.

"Nani kasema kushoto?"

Bugumba alininyooshea kidevu. Mimi nikatazama sakafu.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu nami, karibu kabisa, nikasikia harufu ya kahawa kwenye nguo zake. Alitazama skrini muda mrefu. Kisha akafungua picha za ningu watatu wengine wa asubuhi ile. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Akafungua za sato. Kulia zote.

"Mbuke," alisema, "umekaa na kitu hiki kimya tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili, Daktari."

"Sasa ni saa tano. Siku moja ukimya wako utatuua."

Alisema akicheka.

*

Mtambuzi alikuwa mashine, ingawa sote tulimwita kama mtu. Aliletwa ziwani miaka kumi na moja kabla, baada ya njaa ya Mlaga. Alijua aina mia nne na kumi na mbili za vimelea vya samaki wa maji baridi, na angeweza kuzipanga picha elfu kumi kabla wewe hujamaliza kupiga chafya. Lakini alikuwa kipofu wa kitu kimoja. Waliomfundisha walikuwa na picha chache, kwa hiyo kila picha waliigeuzageuza, kulia ikawa kushoto, juu ikawa chini, ili zionekane nyingi. Akajifunza kwamba upande si kitu. Mpe mtu mwenye shavu la kushoto lililovimba, atakwambia ni yule yule wa shavu la kulia.

Ndiyo maana sheria ilitaka jicho la binadamu. Na sheria hiyo ilikuwa fupi. Jicho likiona aina ambayo haimo katika zile mia nne na kumi na mbili, litaithibitisha mara tatu kwa siku tatu, kwa kidole gumba kwenye kibao cha mashine. Kidole cha tatu kikigusa, ghuba inafungwa.

Kule Mlaga walisubiri. Waliona kimelea wasichokijua, wakaandika barua, wakaunda kamati, wakasubiri siku arobaini. Ghuba kumi na mbili zilikufa. Nilikuwa darasa la tano mwaka ule. Watoto wa shule yetu walivimba miguu kwa njaa, na mama yangu aliugua akafa, nikaacha shule nikamtunze bibi. Mwalimu alilifuta jina langu kwenye daftari la mahudhurio kwa kalamu nyekundu na rula. Nililiona kwa sababu nilikwenda kuchukua kikombe changu cha uji. Mstari ulinyooka sana.

Siku ile Daktari alinipeleka mbele ya kibao cha mashine, akanishika mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara, na nikaweka kidole mara ya kwanza. Skrini ikaandika: Aina ya 413. Chini yake kulikuwa na nafasi tupu.

"Anayeona ndiye anayetoa jina," alisema Daktari. "Weka lako."

"Jina langu, Daktari?"

"Unalo lingine?"

Bugumba aliacha kunywa chai. Daktari akaandika mwenyewe, herufi moja moja, na jina langu likakaa pale kwenye mwanga. Mbuke. Hakukuwa na mstari juu yake.

*

Kuna jambo ambalo Daktari hakulijua.

Kila samaki wa kupimwa alipaswa kuuawa. Tulikata kipande cha shavu, tukakibana kati ya vioo viwili, na kioo kikawekwa chini ya hadubini kubwa inayotazama kutoka juu. Ndivyo tulivyofanya kwa sato, kwa sangara, kwa kambale.

Ningu sikuwaua. Ningu walikuwa wamepotea ziwani tangu bibi yangu ni msichana, na miaka mitatu iliyopita walirudi kwenye mdomo wa mto wetu tu, mahali pengine popote hapakuwa nao. Bibi Nkwimba ndiye aliyewaona kwanza. Alilia siku nzima. Nilipoagizwa wiki ile kuwapima kwa mara ya kwanza aliniambia, "Utawachinja wageni wangu, mke mwenzangu?" Aliniita hivyo tangu nilipozaliwa, kwamba mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja.

Kwa hiyo niliwashika ningu kwenye ndoo, nikawasuuza mashavu kwa maji taratibu, nikawarudisha mtoni wakiwa hai. Maji yale niliyamimina kwenye sinia la kioo, lile dogo la pembeni tulilopimia maji ya mabwawa. Lile lina lenzi yake chini, hutazama juu kupitia kwenye kitako cha sinia. Picha zote huishia kwenye skrini ile ile. Na pale mashine inapouliza sampuli imechukuliwaje, niliacha neno lililokuwepo tayari: kioo.

Sikuona kama ni uongo. Niliona ni huruma kidogo isiyomdhuru mtu.

*

Siku ya pili niliweka kidole tena. Nilirudi nyumbani alasiri, nikamkuta bibi kakaa uani, mguu wake mbovu umenyooshwa kwenye mkeka, kikapu kikubwa mapajani.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa utani, maana hiyo ni salamu ya asubuhi.

"Asubuhi gani, na wewe umeniacha na njaa tangu jua linachomoza? Mume wetu alikuja ndotoni. Anaulizia ningu."

"Ananiulizia mimi?"

"Wewe atakuuliza nini, hujui hata kupika ugali ukashikana. Shika hiki, umalizie kitako. Macho yangu yamechoka."

Alinirushia kikapu. Nilikipokea mdomo ukiwa juu, nikakiweka mapajani, nikatazama ndani ili nijue alipofikia. Duru za ukindu zilitoka katikati zikizunguka kushoto.

Bibi hajawahi kusuka kushoto. Kwetu kila mwanamke husuka kulia, na anayesuka kushoto huambiwa anasukia wafu.

"Bibi, umegeuza mkono?"

"Nigeuze mkono nina wazimu?"

Nikakipindua kikapu, nikatazama kitako kwa nje. Kulia.

Mikono yangu ilisimama. Nilikipindua tena. Ndani, kushoto. Nje, kulia. Kikapu ni kile kile. Mimi ndiye niliyehama.

Kimelea kina upande bapa, na kwenye kioo au kwenye maji hulalia upande huo. Hadubini kubwa hukiona kutoka juu. Sinia hukiona kutoka chini. Sato wote nilikuwa nimewatazama kwa nje ya kikapu, na ningu nikawatazama kwa ndani.

"Mbona umepauka?" bibi aliuliza.

"Njaa."

"Basi kula. Kesho kutwa mvua ikija tutakwenda mtoni kuweka mgono. Mwaka huu utanishika mkono, na huu mguu siuamini."

Mgono wake ulikuwa umeegemezwa ukutani, umesukwa kwa fito mpya. Bibi aliutega kwa namna ya mama yake, mdomo ukielekea mtoni juu, si ziwani. Ningu wanaopanda kwenda kutaga waliupita pembeni salama. Ulinasa wale wanaorudi tu, walioacha mayai yao nyuma. Alikuwa hajala ningu hata mmoja tangu warudi. Alisema mwaka wa nne ndio atakula mmoja, aonje, halafu hata akifa si neno.

Huu ulikuwa mwaka wa nne.

*

Asubuhi ya siku ya tatu nilifika kituoni kabla ya wote. Sinia lilikuwa mezani. Kwenye kabati la barafu kulikuwa na sato wa jana. Kusuuza shavu la sato mmoja, kumimina maji, kutazama: ni kazi ya dakika mbili. Nilisimama mbele ya kabati mkono kwenye mpini. Kisha nikasikia gari.

Daktari aliingia na keki. Kwa kweli aliingia na keki, ameifunika kwa kitambaa, kapika mwenyewe, imeungua upande mmoja.

"Binti zangu nimewaonyesha jina lako," alisema. "Yule mdogo anauliza kama Mbuke ni profesa. Nikamwambia ni zaidi ya profesa, maprofesa wote wamepita hapo wasione."

"Nami naomba nipewe kimelea," alisema Bugumba. "Hata cha kuku."

"Wewe utapewa minyoo."

Walicheka, na mimi nilicheka pia. Ninakumbuka kwamba nilicheka.

Kisha Daktari akafuta mikono, akawa mtu mwingine. Alisimama pembeni ya kibao cha mashine na kusoma yale ambayo sheria inataka yasomwe.

"Mbuke binti Maduhu. Leo ni mara ya tatu. Kidole chako kikigusa, pazia litashuka kwenye mdomo wa ghuba, na nguzo zitanyonya hewa yote iliyomo majini kwa nusu siku. Kila chenye mashavu humo kitakufa. Hakuna kitakachoweza kurudishwa. Kama una shaka, hata chembe, hii ndiyo nafasi yako."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno hapo kwenye ulimi, neno moja tu, sinia.

Ningesema sinia, wangeuliza kwa nini sinia. Ningesema niliogopa kuwachinja, na niliandika kioo wakati si kioo. Daktari angenitazama. Angeichukua kalamu sikioni mwake. Nilimwona kabisa anavyofuta, taratibu, kwa sababu alikuwa mtu wa taratibu, na angetumia rula.

Nilijiambia pia habari za Mlaga. Nilijiambia kwamba huenda nimekosea kuhusu kikapu, mimi ni mtu wa darasa la tano, kikapu ni kikapu na kimelea ni kimelea. Kwamba nikizuia kidole na kumbe ni ugonjwa kweli, watoto watavimba miguu tena. Hayo yote nilijiambia na yote ni maneno mazuri. Lakini kabati la barafu lilikuwa hatua nne kutoka niliposimama, na sikulifungua.

"Mbuke? Una shaka?"

"Sina, Daktari."

Kibao kilikuwa na ubaridi. Jina langu likageuka kutoka kijivu likawa jeusi.

*

Nguzo hazipigi kelele. Hilo ndilo watu wasiokuwepo hawalijui. Maji yanabaki vile vile, yanang'aa vile vile, ila baada ya saa moja hivi uso wa ziwa unaanza kuchemka midomo. Samaki wote wanapanda juu kutafuta hewa. Sato, furu, gogogo, wadogo kwa wakubwa, wameachama pamoja. Kambale ndio huchelewa kufa, kwa sababu kambale wanaweza kuvuta hewa ya juu kidogo. Wanashangaa mpaka jioni.

Watu wa Lwenge walisimama ufukweni. Walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba watahamishiwa ghuba ya jirani, na kwamba ghuba ya jirani imeokolewa na msichana wa hapa hapa. Mama mmoja alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Watoto wake walikuwa wamekufa mwaka wa Mlaga. Sikujua pa kuweka uso.

Bibi alikuja na mkongojo wake. Hakutazama sato. Alikwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mto, pale ningu walipokuwa wamekusanyika kusubiri mvua, akaingia majini mpaka magotini na gauni lake. Walikuwa wanaelea ubavu, matumbo yamejaa mayai. Alimchukua mmoja akampulizia mdomoni. Akampulizia tena. Mzee wa miaka themanini na moja, anampulizia samaki pumzi.

Nilisimama nyuma yake nimeshika viatu vyake.

"Walikuwa wanaumwa sana?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, bibi."

"Hawakuonyesha."

*

Baada ya wiki moja nilibaki peke yangu kituoni saa ya chakula. Nilifungua kabati la barafu. Nilichukua sato wa ghuba ya mbali, ghuba ambayo hakuna aliyeitilia shaka, nikamsuuza shavu, nikamimina maji kwenye sinia la kioo, nikatazama.

Kushoto.

Nilihesabu muda kwenye saa ya ukutani. Ilichukua dakika mbili kasoro.

Nilimwaga maji, nikakausha sinia kwa kitambaa, nikarudi kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni. Bugumba aliporudi alinikuta naangalia skrini. "Profesa," alisema, "umekula?" Aina ya 413 imo kwenye orodha mpaka leo. Kuna mchoro wake. Kuna maelezo ya ukubwa, umbo la uzi, na samaki ambaye kinaishi mashavuni mwake, na ambaye hayupo tena. Hakuna atakayekiona kimelea hicho mahali popote, na wataalamu wataandika kwamba ni kwa sababu tuliwahi.

Mvua ilikuja ikiwa imechelewa siku tisa. Bibi alikuwa amekataa kuhama na wengine. Alisema kijijini kwake ndiko mume wetu anakojua kumtafuta. Asubuhi alinitaka nibebe mgono.

"Bibi, ghuba ilifungwa."

"Ilifunguliwa. Nimeona pazia limepandishwa."

"Hakuna kitu majini."

"Miaka sitini nilisikia hivyo hivyo, hakuna kitu majini. Halafu wakarudi. Beba."

Nikabeba. Tuliuweka mgono pale pale, mdomo ukielekea juu, bibi akisahihisha kila jiwe kwa ncha ya mkongojo. Kisha tukakaa ukingoni. Tulikaa siku ile, na ya pili. Siku ya tatu maji ya mto yalikuja mekundu, yamejaa majani, yanavuma vizuri kama yanavyotakiwa, na mgono ukayumba katikati yake mtupu. Bibi alikuwa ameleta chumvi kwenye fundo la khanga. Kwa ajili ya yule mmoja.

"Wamechelewa," alisema.

Nilichuma jani nikalitupa majini.

"Mke mwenzangu, na wewe macho yako ndiyo mazuri. Mashine yenyewe inayaogopa. Hebu niangalizie. Unaona kitu?"

Maji yalipita. Nilitazama kwa sababu aliniomba. Alikuwa ameniwekea mkono begani ili asianguke mbele, mkono mwepesi kabisa, mkono ulionifundisha kuanza kikapu kutoka katikati. Na neno lile lililokaa kwenye ulimi wangu siku ya kidole cha tatu lilikuwa bado lipo. Halikuwa limekwenda popote.

"Bibi," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa, nikashtuka nayo. "Hawakuwa wagonjwa. Nilijua kabla sijaweka kidole cha mwisho. Nilijua tangu uliponipa kikapu. Nilitaka jina langu lisifutwe."